Mwaka Tuliopikia Mapinduzi ya Kamau

Mwaliko uliingia kwenye simu nikiwa dukani hapa Thorncliffe Park, kabichi mkononi, nasubiri zamu yangu ya kulipa. WAPIGANAJI WA 2009 WAKUTANA TENA, ndivyo ulivyoandikwa, kwa herufi kubwa: nyumbani kwa Profesa Kamau, Markham, Jumamosi mchana, chakula kitakuwepo. Chini yake kulikuwa na ngumi nyekundu, na chini ya ngumi maelekezo ya mahali pa kuegesha gari. Nilicheka kwa sauti mpaka dada wa malipo akaniangalia mara mbili. Wapiganaji! Watu wazima tusiofika hata kumi, waliojifungia kwenye ofisi ya chuo wakala pilau nililopika mimi, leo wamepandishwa cheo. Kamau ana kipaji hicho tangu nimjue: jambo akiligusa linakuwa historia, na historia akiisimulia inakuwa yake. Habari za kwetu Tanga na jinsi nilivyofika nchi hii sitaziingiza hapa, hazihusiki. Ninachotaka kukisimulia ni mwaka mmoja tu, ule ambao kijana wa Markham alitaka kutugeuza Wajapani, na binti wa watu akaponzeka.

Wakati huo nilikuwa nakaa na Neema kwenye jengo refu hapahapa Thorncliffe, ghorofa ya kumi na moja, lifti mbili, moja mbovu siku zote. Tulikuwa na vyumba viwili vya kulala na sebule moja yenye zulia ambalo rangi yake ya asili hakuna aliyeijua. Ukifungua mlango wa nyumba unakutana na korido nzima: vitunguu vya huyu vinakaangwa, biriani ya yule iko motoni, na mama wa nyumba ya pili anamgombeza mtoto kwa lugha yao huku mtoto akijibu kwa Kiingereza. Neema alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, mrefu, mpole wa sauti, mlokole asiyemkera mtu. Alikuwa anasoma shahada ya pili ya afya ya jamii, na alikuwepo nchini kwa kibali cha mwanafunzi wa kigeni. Mimi nilishapata ukaazi wa kudumu, mchana nafanya kazi ya ofisi Don Mills, jioni nachukua somo mojamoja chuoni ili nisizeeke mbele ya kompyuta. Aliniita da Hawa kwa kuwa nilimzidi miaka. Jumapili akirudi kanisani, kitenge ndani na koti la baridi juu, tulikula ugali na mchicha wa kopo pale chini kwenye zulia, maana meza ilijaa vitabu vyake. "Da Hawa," alikuwa ananiambia, "mimi hapa nimesimama juu ya karatasi moja. Chuo kikiniacha, na kibali kimekwisha, narudi kwa mama yangu na nusu ya shahada." Alilisema bila kulalamika, halafu anaendelea kumega ugali.

Kamau tulimkuta kwenye nyama choma ya Wakenya, akiwa amezungukwa na vijana wadogo kwake, wanaume kwa wanawake, ambao wote walikuwa wanamwitikia kwa kichwa. Alikuwa ameletwa Kanada akiwa mtoto mdogo, akakulia Markham kwenye nyumba ya peke yake yenye bustani mbele na nyuma, na Kiswahili alikuja kukiokota ukubwani kwa binamu zake wa Nairobi wakati wa likizo. Matokeo yake alikuwa anaongea na kila mtu Kisheng cha vijana wa kijiweni. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mke wa mchungaji, mama wa miaka sitini, "Sasa mathee, form ni gani?" kama anayemuuliza rika lake mipango ya jioni. Alikuwa anasomea udaktari wa falsafa, na mada yake ilikuwa harakati za wanafunzi wa Japani. Huko Japani kwenyewe alikuwa amekaa majira moja ya kiangazi. Yalimtosha, kwa maana tangu aliporudi alikuwa akieleza mambo ya mwaka 1968, miaka mingi kabla mama yake hajamzaa, anasema "sisi".

Historia yenyewe siidharau, hilo nataka lieleweke. Kila Alhamisi jioni alikuwa na kikao chake kwenye chumba cha chini cha maktaba kisicho na dirisha, na Neema alinivuta twende kwa sababu Kamau alikuwa ameahidi kwamba kikundi kitapigania ada za wanafunzi wa kigeni, ambazo chuo kilikuwa kinataka kuzipandisha. Nikamsikiliza akieleza jinsi mwaka 1960 maelfu kwa maelfu ya watu walivyolizingira bunge la Tokyo kupinga mkataba wa kijeshi na Marekani, na binti mmoja mwanafunzi akafia pale getini. Akaeleza jinsi wanafunzi miaka minane tisa baadaye walivyofunga vyuo vyao wenyewe, wakarundika madawati na viti milangoni, wamevaa helmeti, kila kundi na rangi yake, taulo usoni, magongo marefu mikononi. Akaeleza wakulima waliokataa mashamba yao yasifanywe uwanja wa ndege, na vijana wa mjini wakaenda kukaa nao matopeni. Yule binti wa getini nilimfikiria njia nzima kwenye basi. Alikuwa na umri wa wadogo zetu, aliondoka nyumbani asubuhi, na mama yake bila shaka alimwandalia kitu cha kula. Kinyaa changu hakikuwa kwa hao. Kilikuwa kwa huyu kijana aliyekuwa ananywa kahawa ya maziwa mengi na kuwavaa wafu wa watu kama koti.

Februari akatangaza maandamano ya nyoka. Hii ilikuwa desturi ya kweli ya wale wanafunzi wa Tokyo: watu wanashikana mikono kwa nguvu, safu nyuma ya safu, wanainama kidogo na kukimbia kwa kujipinda huku na huku barabarani, huku wakipiga kelele kwa mapigo, ili polisi washindwe kuwatenganisha. Ukiwa na watu elfu tano ni jambo la kutisha. Sisi tulikuwa wanane, juzi yake ilikuwa imenyesha mvua ikaganda, na njia yote kutoka maktaba hadi ofisi ya ada ilikuwa kioo kitupu. Nilimwambia, "Kamau, mvua imeganda, tutembee tu." Akanijibu, "Hawa, form haiko negotiable." Basi tukashikana mikono. Tulijipinda upande wa kushoto salama. Tulipojipinda kulia Kamau alianguka wa kwanza, na kwa kuwa tumeshikana kwa nguvu kama tulivyofundishwa, akatuangusha wote, mmoja baada ya mwingine, Neema juu yangu na mimi juu ya kijana mmoja Mkongomani aliyeitwa Trésor, ambaye alikuwa anasema "mon Dieu, mon Dieu" mdomo ukiwa kwenye theluji. Askari wawili wa chuo waliokuwa wamesimama mlangoni wakaja mbio, si kutukamata, kutuinua. Mmoja akampangusa Neema mgongoni na kumuuliza kama ameumia. Baadaye Kamau aliandika kwenye mtandao kwamba tulikabiliana na vyombo vya usalama.

Baada ya hapo zikaja helmeti. Alizinunua mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyeupe, akasema nyeupe ndiyo rangi sahihi kwa msimamo wetu. Trésor akasema hapana, kwa mujibu wa picha alizoziona yeye msimamo wetu ni mwekundu, na kwamba nyeupe ni ya watu walioiuza harakati. Nawaapia walibishana juu ya hilo jioni tatu. Hakuna kati yao aliyewahi kuvaa helmeti kazini. Baba zao ndio waliovaa, na walivaa ili watoto hawa wasije kuzivaa. Jioni ya tatu Trésor akasimama, akasema, "Bon, mimi ninaondoka na kundi langu," akaondoka na kundi lake, ambalo lilikuwa yeye pamoja na binti mmoja aliyekuwa anampenda. Kamau akabaki ameridhika kabisa. Alisema mgawanyiko ni dalili ya ukomavu, kwa sababu Japani pia waligawanyika. Nikamuuliza kama anaona waligawanyika kwa faida au kwa hasara. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya msikitini.

Machi akatuletea Mjapani wa kweli. Bi Setsuko alikuwa mama mfupi wa miaka sitini na kitu, mfasiri mstaafu, anakaa Don Mills kwenye nyumba ndogo nadhifu, na ujanani alikuwa mmoja wa wale waliojifungia chuoni Tokyo. Kamau alimpata kupitia profesa wake na akamleta chumba cha chini kwa fahari ya mtu aliyeokota dhahabu. Akamvutia kiti, akawasha kinasa sauti, akauliza, "Mama Setsuko, tuambie, ulikuwa kitengo gani?" Yule mama akajibu kwa Kiingereza chake cha polepole, neno moja: "Jikoni." Kamau akacheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. "Nilikwenda kwenye mapinduzi nikapika wali," akasema. "Wanaume walikuwa wanajadili nani ni adui. Sisi wasichana tulikuwa tunafinyanga madonge ya wali, wa moto, mpaka viganja vinaiva. Walikula huku wanajadili. Hakuna aliyegeuka kuona nani ameleta. Tangu nilipotoka pale sijafinyanga donge jingine, hata mume wangu alikufa bila kulila." Nilimpenda mama huyu palepale. Kamau akaandika kitu kwenye kompyuta, akasema, "Wow, that's powerful," kisha akanigeukia mimi: "Hawa, by the way, Thursday ijayo utaleta zile mandazi?"

Siku hiyohiyo Bi Setsuko alieleza mambo mengine mawili ambayo Kamau hakuyaandika. La kwanza, kwamba kwenye lile jengo kubwa lenye mnara ambalo wanafunzi walilishikilia mpaka polisi wakaja na maji ya mabomba na mabomu ya machozi, kundi moja liliondoka kimyakimya kabla polisi hawajafika, likawaacha wenzao ndani, likasema linahifadhi nguvu kwa ajili ya mapambano ya kesho. La pili, kwamba miaka michache baadaye kikundi kidogo kilikwenda kujificha milimani wakati wa baridi, wakaanza vikao vya kujikosoa, kila mtu akisimamishwa aeleze udhaifu wake mbele ya wenzake, wakaendelea kukosoana namna hiyo mpaka wakauana wenyewe kwa wenyewe. Kamau akasikiliza kwa adabu, akasema hiyo ya milimani si eneo lake la utafiti, yeye anaishia mwaka 1969. Alikuwa kweli anaishia hapo. Kitabu anakisoma mpaka ukurasa unaompendeza, halafu anakifunga.

Lakini vikao vya kujikosoa alivichukua, alivipenda mno. Mwezi wa nne ikaamuliwa tujifungie ndani ya ofisi ya ada mpaka chuo kitoe jibu, na kanuni ikawa moja: akishaingia mtu hatoki, anayetoka ni msaliti. Neema alikuwa ndiye sura ya madai yenyewe, mwanafunzi wa kigeni pekee aliyebaki kwenye kikundi, picha yake iko kwenye kila karatasi tuliyogawa. Akasema kwa upole kwamba atakaa mchana na jioni ataondoka, kwa sababu ombi lake la kuongezewa kibali lilikuwa mezani kwa wahusika na hataki jina lake liandikwe kwenye kesi yoyote. Kamau akaitisha kikao nyumbani kwetu, Jumapili baada ya ibada. Walikaa wote kwenye zulia letu, yeye akachukua kochi. Neema alikuwa bado na kitenge chake cha kanisani. Bi Setsuko naye alikuwepo, Kamau alikuwa amemwalika aje atoe baraka, ameketi kona anamenya chungwa.

"Neema, simama hapo karibu na TV," Kamau akasema. "Hii si personal, ni political. Eleza unaogopa nini."

"Naogopa kibali changu, kaka Kamau. Mwezi wa nane kinaisha."

"Hiyo ni fear ya mtu binafsi. Umeweka karatasi mbele ya watu."

"Hiyo karatasi ndiyo mimi niliyo nayo," akajibu.

Nikaingilia nikiwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi. "Wewe una pasipoti ya nchi hii, Kamau. Ukikamatwa unarudi kulala kwa mama yako. Mwache mwenzio aondoke jioni kama alivyosema." Akaniambia nisiingilie mchakato. Mwingine akadakia kwamba Neema anatanguliza shahada yake kuliko wanafunzi watakaokuja, mwingine akasema dini inamfanya mtu awe mtiifu kwa wakubwa, na kila mmoja alipomaliza kusema alimtazama Kamau usoni kuona kama amepata maksi. Bi Setsuko akaweka maganda ya chungwa juu ya leso. "Milimani pia walianza hivi," akasema. "Walimwambia mmoja asimame." Kamau akasema muktadha ni tofauti. Yule mama akavaa koti, akatoka. Nilimfuata mpaka kwenye lifti nikimwomba arudi, maana yeye wangemsikiliza. "Nilishakaa kwenye kikao hiki mara moja," akaniambia. "Sikai tena." Nikamkasirikia naye, na mpaka leo sijaamua kama nilimsamehe. Niliporudi ndani Neema alikuwa analia, anasema ndiyo, amekuwa mbinafsi, ndiyo, ataingia na hatatoka mpaka mwisho. Wakampigia makofi. Halafu mmoja wao akageuka kuniuliza kama pilau liko tayari.

Waliingia Jumatatu mchana, helmeti nyeupe kichwani, wakarundika viti kwenye mlango wa mbele. Nyuma kulikuwa na mlango wa mabawa mawili unaotokea kwenye ngazi za maegesho. Huo waliufunga kwa mnyororo. Mimi niliwekwa nje, kitengo cha jikoni. Askari wa chuo walikuwa watu wa maana kuliko sisi, waliniruhusu kupitisha vyombo kwenye kidirisha ambacho siku za kawaida watu wanalipia ada, na jioni ile Neema ndiye aliyekuja kupokea. Uso ulikuwa umemsinyaa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Toka sasa hivi, hapa mbele kwa hawa askari, hawajaanza kuandika majina." Akasema, "Nimeapa mbele ya watu, da Hawa." Nikamwambia wale si watu wa kuapiwa. Akatabasamu, akapokea sufuria, akasema zaburi anazozijua kwa kichwa ameshazimaliza zote, sasa anazirudia. Nyuma yake nilimsikia Kamau akiuliza kama kuna kachumbari.

Asubuhi yake nilikwenda na chupa ya uji nikakuta magari ya polisi yamejaa mbele ya jengo na utepe umefungwa njiani. Nikageuka huku na huku nikitafuta wa kumuuliza, na ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo cha mkahawa, nikamwona Kamau. Alikuwa na kompyuta mbele yake, mkate wa mdalasini, na simu sikioni anaongea na mwandishi wa habari. Hakuwa na helmeti. Nikaingia nikasimama mbele yake mpaka akakata simu.

"Umetokaje?" nikamuuliza.

"Strategy, Hawa. Leadership lazima iwe nje, tuhifadhi nguvu za round ijayo. Neema anashikilia ngome. Huyo dem ni noma, seriously."

Nilimtazama sukari ilivyomganda pembeni mwa mdomo. Nina mdomo mchafu nikitaka, watu wa kwetu wanajua, lakini siku ile nilikosa tusi linalomtosha. Nikaenda kusimama kwenye utepe na chupa yangu ya uji mpaka wakawatoa, mmojammoja, Neema wa mwisho, ameshika helmeti yake kwapani kwa heshima kama vile ni mali ya mtu.

Wale wenye uraia walipata barua ya onyo, na najua angalau mmoja aliyeibandika ukutani kwake. Neema alisimamishwa masomo mwaka mzima na kamati ya nidhamu. Asiyesoma haongezewi kibali cha kusoma. Hapo hapakuhitajika mtu kumfafanulia. Alifungasha mwezi wa nane, chumba kikiwa na joto, madirisha wazi, na koti lake zito la baridi tukaligombea nani wa kumpa kwa sababu Mbeya kuna baridi lakini si ya namna ile. Bi Setsuko alikuja na mfuko wa madonge ya wali, kila moja limevikwa plastiki yake na bei juu. "Sikupika," akasema kabla hajasalimu. "Nimenunua." Neema akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, wakala pamoja wamekaa juu ya sanduku. Kamau hakuja. Alituma ujumbe: "Stay strong, komredi." Miaka miwili baadaye tasnifu yake ikatoka, ina sura nzima juu ya kujifungia kwetu, na mwanzoni kuna shukrani kwa "N., aliyeshikilia ngome". Herufi moja. Jina zima la binti wa watu lilimshinda kuandika, na alikuwa amelitumia kwenye vipeperushi.

Basi Jumamosi hiyo nilikwenda Markham. Bi Setsuko ameshafariki, Trésor nasikia anauza nyumba Ottawa, na Neema yuko Mbeya, anafundisha chuo cha afya, shahada yake alikuja kuimalizia Dar akiwa na watoto wawili. Nilikwenda, niseme ukweli, ili nidharau kwa ukaribu. Sikucheleweshwa. Kabla sijavua koti nilishapewa kisu na vitunguu, maana jikoni kulikuwa na mke wake, dada zake wawili na mashemeji, jasho linawatiririka, na sebuleni kulikuwa na wanaume na wanafunzi wake wa sasa, vijana wazuri wenye macho ya kuamini, wameketi kwenye zulia jeupe wakimsikiliza. Nilimsikia kupitia mlango. Alikuwa anawaeleza jinsi polisi walivyovunja mlango, moshi, kelele, viti vikiruka. Alieleza vizuri sana mambo ambayo hakuyaona. Nikakata vitunguu vyao vyote kwa hasira na nikavikata vibaya makusudi.

Baadaye akatuita wote sebuleni, hata wa jikoni, akasema ana zawadi. Akaunganisha simu yake na televisheni kubwa ya ukutani, na Neema akatokea. Kule kwao ilikuwa jioni. Amenenepa vizuri, ana miwani, nyuma yake kuna kabati la vyombo na kalenda ya kanisa. Moyo ulinipasuka kwa kumpenda. Wale vijana wakapiga makofi. "Komredi Neema!" Kamau akasema, mikono juu. "Huyu ndiye niliwaambia. Huyu ndiye alishikilia ngome. Neema, hawa ni generation mpya. Wape neno moja tu."

"Hamjambo wote," Neema akasema. "Da Hawa, nakuona, umeshika kisu." Watu wakacheka. Akasubiri wamalize. "Neno sina, kaka Kamau. Nina swali, nilitaka kukuuliza tangu siku ile ila hukuja kuniaga."

"Uliza, uliza, dada yangu. Hapa ni nyumbani."

"Mlango wa nyuma, ule wa mnyororo. Jumatatu tuliufunga mimi na wewe. Wewe ulipitisha mnyororo kwenye vishikio, mimi nikabana kufuli, kwa ndani, upande wetu. Asubuhi niliposikia polisi wanakuja niliogopa, nikaamua nitoke, waniite msaliti basi. Nikakimbilia pale." Sauti yake ilikuwa ileile ya kumega ugali, haina lawama, anataka tu kujua. "Nikaukuta mnyororo upo vilevile, umebana, ila ncha zake zimepenyezwa katikati ya mabawa ya mlango. Lakini kufuli lilikuwa upande wa nje. Ulipotoka ulitufungia?"

Kijana mmoja aliyekuwa anarekodi akashusha simu yake polepole. Mke wa Kamau alikuwa amesimama kando yangu na sinia la viazi, akaliweka chini, akamgeukia mumewe, na wote tukamgeukia, na juu ukutani Neema alikuwa amesogeza miwani karibu na kioo, anasubiri. Kamau alikuwa amepiga magoti kwenye zulia jeupe, anapapasa chini ya mito ya makochi, akitafuta rimoti.